Siku Mama Mkwe Alipoyasafisha Masomo

Mama mkwe wangu alifika Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya mgeni wa serikali, na alikuja na ndoo yake mwenyewe. Ndoo, matambara sita, chupa ya dawa ya kusafishia, na gauni la Jumapili la binti yangu Déborah alilokuwa amelipiga pasi huko kwake Bankstown, upande mwingine wa Sydney, likaning'inizwa ndani ya gari lisije likakunjamana. Aliyemleta ni Fidèle, mume wa shemeji yangu Emerance. Fidèle alishusha ndoo, akanitazama kwa huruma, maana naye ana mama mkwe huyohuyo, kisha akaingia jikoni kutafuta chai.

"Papa Déborah," mama mkwe akasema akiwa bado mlangoni, "mugeni wa Leta anakuja kesho, na nyumba iko namna hii?"

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Hilo ndilo jibu langu kwake siku zote. Kwetu Bukavu, mimi nilivyolelewa, mume habishani na mama wa mkewe. Hakai naye kiti kimoja, hapandishi sauti mbele yake, na jina lake halitaji. Nina miaka kumi na miwili katika ndoa na sijawahi kulitamka jina la mama huyu, na hapa pia sitalitamka. Akikuambia jambo, unaitikia, halafu unakwenda kulalamika kwa mkeo. Lakini mke wangu Chibalonza alikuwa Westmead, hospitalini, zamu ya asubuhi, na simu yake imefungiwa kabatini. Basi nikaitikia, na malalamiko nikabaki nayo tumboni.

Nyumba ilikuwa namna ile kwa sababu ilikuwa shule. Kwenye ukuta wa korido palikuwa na karatasi ya urefu wa mita tatu, ambapo Déborah alichora kina cha maji ya kijito cha Toongabbie kila Jumatatu tangu mwezi wa tatu, mstari wa bluu unapanda na kushuka. Juu ya friji kulikuwa na vipande vinne vya mkate ndani ya mifuko, kimoja kina ukungu wa kijani, kimoja cheusi, viwili bado vizima, kila mfuko na tarehe yake. Meza ya kulia ilijaa mizani, bakuli za unga, majedwali ya kila aina, na daftari langu la kumbukumbu lenye doa la mawese. Mlangoni zilitundikwa kofia tatu zilizochorwa macho makubwa kisogoni. Mimi nilikuwa napita humo kila siku na sikuwa naona fujo yoyote. Nilikuwa naona kazi yetu ya mwaka mzima.

Niseme tulivyofika hapo, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa letu. Déborah ana miaka kumi. Alianza shule hapa Sydney akiwa na saba. Ripoti yake ya darasa la pili ilisema ni mtoto mtulivu, mpole, hasumbui mtu. Tulifurahi sana! Chibalonza aliipiga picha akaituma Bukavu kwa ukoo mzima, na mama mkwe akaomba isomwe kanisani. Ripoti iliyofuata: mtulivu. Iliyofuata tena: mtulivu sana. Mwalimu alikuwa anatuonya kwa upole wote alionao, na sisi kila mara tunakwenda kumshukuru, tena mara moja tulimpelekea keki.

Aliyetufungua macho ni Zilpah, nesi Mkenya anayefanya kazi wodi moja na Chibalonza. Siku moja alikuja kwetu, akaikuta ripoti imebandikwa ukutani kama cheti cha ndoa, akaisoma mara mbili.

"Aki, hii si sifa," akasema. "Hapa mwalimu akikuambia mtoto ni quiet mara tatu, jua kuna kitu. Huyu mtoto huongea shule kweli?"

Hakuwa anaongea. Miaka miwili hakuwa amesema neno darasani, wala kuuliza swali, wala kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Alikuwa ananakili ya jirani yake. Kusoma hakujua. Kila Jumapili jioni tumbo lilimuuma, nasi tulimpa chai ya tangawizi. Simlaumu mwalimu hata kidogo. Yeye alisema alichokiona, ila sisi tulisikia tulichokitaka. Nilijichukia kwa muda mrefu kwa ajili ya ile keki.

Zilpah alikuwa amewafundisha wanawe wawili nyumbani kwa miaka mitatu, akatuonyesha njia. Mimi nafanya kazi ya ghala zamu ya mchana, natoka nyumbani saa nane, kwa hiyo asubuhi ni zangu. Tukaomba kibali, tukapewa cha mwaka mmoja. Ijumaa hiyo saa nne afisa wa elimu angekuja kuangalia kama Déborah amejifunza kitu. Akiridhika, tunaendelea. Asiporidhika, mtoto anarudi darasani, na mimi nilijua vizuri ni mtoto wa namna gani angerudi pale. Nyumbani alikuwa ameanza kusoma mwezi wa tano, na kuuliza maswali mwezi wa sita, na tangu hapo hajanyamaza. Lakini ni mbele yangu na mbele ya mama yake, na kidogo mbele ya Koko, yaani bibi yake. Mbele ya mgeni alikuwa bado jiwe.

Mama mkwe hakuipenda habari hii tangu siku ya kwanza. "Mimi nilibeba mihogo mugongoni toka Walungu mpaka soko ya Bukavu," husema, "juu Chibalonza aende ku masomo. Na nyinyi munamutoa mutoto ku masomo na munasema ni akili." Na ukweli ni kwamba aliibeba ile mihogo.

Zilpah alinipigia Jumanne kunikumbusha jambo moja tu. "Bahizire, skiza. Usisafishe nyumba. Huyo mama haji kuona masofa, anakuja kuona vitu za mtoto. Wacha vile kuko." Nikamwahidi. Sasa Alhamisi nimesimama koridoni, mama mkwe ameshika ncha ya karatasi ya kijito na anaikunja kama shuka.

"Si takataka, Mama," nikathubutu. "Ni masomo."

"Masomo inakaaka ndani ya kaye," akasema, akimaanisha daftari. "Ile ya ku ukuta ni uchafu."

Akafika kwenye friji. "Mukate imeoza, na munaiweka juu kama sanamu?"

"Ni jaribio, Mama."

"Ni haya."

Ningeweza kusema hapana. Ni neno fupi, hata watoto wadogo wanalijua. Kinywa changu kilikataa. Nikabaki kumshikia kiti asianguke alipokuwa akibandua vitu vya juu, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili. Yote yakaingia kwenye maboksi matatu ya ndizi, na Fidèle akayapakia garini yaende Bankstown, "yasiharibu macho ya mugeni". Déborah alisimama mlango wa chumba chake akitazama. Nikaenda kazini nikiwa na hasira na kila mtu, hasa mimi.

Ijumaa niliamka Chibalonza ameshakwenda zamu yake na nyumba inanukia limau. Kila kochi lilikuwa na kitambaa cha kufuma, maua ya plastiki yalikuwa mezani, na sakafu inateleza. Nilijifariji kwamba angalau daftari langu lipo, lile lenye kumbukumbu za kila siku, maana hilo ndilo afisa huomba kwanza. Nikalitafuta mezani. Nikalitafuta kabatini.

"Ile kaye ya mafuta?" akauliza mama mkwe, aliyekuwa amelala kwetu. "Niliweka na zile zingine. Ilikuwa inanuka."

Nilimpigia Fidèle. Haikupokelewa. Nikampigia Emerance, akasema mumewe yuko njiani kwenda mji wa Newcastle, mwendo wa saa mbili, na mzigo, na funguo za stoo yenye maboksi anazo yeye, akiwa anaendesha hashiki simu, na atarudi jioni. Nikampigia Zilpah. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanyamaza ghafla.

"Sasa utamwonyesha nini?"

"Sijui."

"Basi itabidi mtoto aongee."

Nikamtazama Déborah. Alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda, nywele zimesukwa upya mpaka nyusi zimevutika, soksi nyeupe, mikono juu ya magoti. Hivyo ndivyo alivyokuwa akikaa kila Jumatatu asubuhi kabla ya shule. Hapo niliogopa kweli.

Afisa alifika saa nne kamili. Aliitwa Narelle, mama wa miaka sitini hivi, mwenye mkoba wa kitambaa na jua limemkolea usoni. Mama mkwe alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kochi kubwa, akamwekea sambusa, ndizi za kukaanga na Fanta mbili. Déborah akatoka, akainama kidogo, akampa mgeni mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, akasema habari ya asubuhi kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia, akarudi chumbani na kufunga mlango. Koko wake ndiye aliyemwelekeza hivyo. Mtoto akishasalimia wageni hakai na wakubwa.

"Nyumba nzuri sana," Narelle akasema kwa Kiingereza chake cha kuvuta. Akageuza kichwa polepole, akatazama vitambaa, maua ya plastiki, picha ya Yesu. "Na Déborah anasomea wapi?"

"Hapa," nikasema.

"Hapa?"

"Ndiyo, hapahapa."

Akaomba kuona daftari la kumbukumbu. Nikamwambia liko Bankstown. Akaomba kuona kazi za mtoto, yoyote tu, hata michoro. Nikamwambia nazo ziko Bankstown, ndani ya maboksi ya ndizi. Nilijisikia nikisema na mimi mwenyewe nisingejiamini. Nikajaribu kueleza: mkwe, ndoo, heshima, Newcastle. Narelle alinisikiliza kwa adabu, lakini kalamu yake ilikuwa imelala.

"Naweza kuongea naye kidogo?" akauliza.

Nikamwita Déborah. Akaja akasimama kando ya mlango, macho kwenye soksi zake. Narelle alimuuliza, taratibu kabisa, anapenda kujifunza nini. Kimya. Akamuuliza kama anapenda kusoma. Kimya. Akamuuliza jina la kitabu. Niliona kidole chake kikisugua pindo la gauni na nikajua amekwenda mbali, kule alikokuwa akienda miaka ile miwili. Nilitaka kulia. Nilitaka pia kuipiga teke ile ndoo.

"Hapana shida," Narelle akasema, na uso wake ulikuwa mwema, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akageuka kwa mama mkwe, aliyekuwa ameketi wima kwenye kiti chake cha mbao akiridhika na tabia ya mjukuu wake. "Na Bibi je? Yeye anaonaje haya masomo ya nyumbani?"

Nikamtafsiria. Laiti ningekuwa mjanja ningemtafsiria swali lingine. Mama mkwe akaweka kikombe chini, akajifunga kitenge vizuri. Nikaelewa kwamba mama huyu alikuwa amelisubiri swali hili mwaka mzima, na hatimaye Leta yenyewe, serikali nzima, imekuja kuliuliza.

"Mwambie," akasema. "Mwambie yote."

Mwanzoni nilifikiria kudanganya. Ingekuwa rahisi: Bibi anasema anafurahi sana, anasema asante. Lakini Déborah alikuwa amesimama pale, na Déborah anaelewa lugha zote mbili. Kiswahili hakisemi, anakijibu kwa Kiingereza nami humtafsiria bibi yake, ila hakuna kinachompita. Singeweza kumdanganya afisa huku mwanangu ananisikia. Basi nikatafsiri.

"Anasema hawa wawili hawana kazi," nikasema. "Anasema kila Jumatatu tunakwenda kijitoni na fimbo tuliyoichora mistari, tunaichomeka kwenye tope, tunaitazama, tunarudi nyumbani na matope. Hata mvua ikinyesha. Anasema hasa mvua ikinyesha."

Kalamu ya Narelle ikaamka. "Tangu lini?"

Nikauliza. "Anasema tangu Pasaka haijafika. Anasema mtoto humpigia simu kumwambia maji yamepanda sentimita ngapi, kana kwamba yeye anauza maji."

Narelle akaandika. Nikaona mistari inaongezeka na moyo wangu ukashuka. Nilidhani anaandika mashtaka.

"Mwambie ya kofia," mama mkwe akasema.

"Mama, ya kofia nayo?"

"Papa Déborah."

"Ndiyo, Mama." Nikamgeukia Narelle. "Anasema mwezi wa tisa, wale ndege weusi na weupe walipokuwa wanawashukia watu vichwani, mtoto alichora macho kwenye kofia ya Bibi ya kanisani. Nyuma, ati ndege waogope. Bila ruhusa. Halafu akamfanya Bibi apite chini ya mti mara kumi akiwa na macho na mara kumi akiwa hana, na mtoto amekaa kwenye benchi anahesabu. Anasema ana miaka sitini na nane, na mjukuu wake alimtumia kama chambo."

Narelle alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Na ikawaje? Ndege walikuja mara ngapi?"

Nikatafsiri. Mama mkwe alikasirika kuulizwa. "Bila macho, mara saba. Na macho, mara mbili," akasema. "Lakini kofia imeharibika!"

Nilipotamka zile namba kwa Kiingereza ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinatokea pale sebuleni. Mama mkwe, ambaye alikuwa ameyapeleka masomo yote Bankstown, alikuwa anayarudisha moja moja, kwa hasira, tena na tarehe. Nikaanza kutafsiri kwa raha. Nikatafsiri ya mkate uliooza. Nikatafsiri ya barua ambayo Déborah aliwaandikia watu wa manispaa kuhusu shimo la njiani, na mama mkwe akaona ni utovu wa adabu mtoto kuandikia wakubwa, na mbaya zaidi wakubwa wakamjibu. Sikuongeza chumvi hata kidogo. Haikuhitajika.

"Na bugali," mama mkwe akamalizia, akiinua kidole. "Mwambie ya bugali. Mutoto wa mwanamuke hajui kupika bugali! Alikuja kwangu Bankstown, akaleta mizani. Mizani ku jikoni! Aliharibu unga yangu mara tatu."

Nikafungua kinywa kutafsiri, na sauti nyingine ikanitangulia.

"Hapana, Koko."

Ilikuwa Kiswahili. Sote tukageuka. Déborah alikuwa bado kando ya mlango, mkono bado kwenye pindo la gauni, lakini macho yalikuwa yamemkazia bibi yake.

"Haiko vile," akasema.

Kwa watu wa kwetu, hili ni jambo zito. Mtoto amemkatiza mkubwa. Amemkatalia bibi yake, mbele ya mgeni, tena mgeni wa serikali. Mama mkwe hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, na nilijua anachosubiri, kwa sababu ningekuwa nimelelewa na yeye ningekwishakifanya: baba anasema neno moja, mtoto anaomba radhi na kutoka. Déborah naye akanitazama. Nikaona ameanza kurudi nyuma, kisigino kimoja kimeshavuka kizingiti.

"Mama," nikasema. "Mama, mwache amalize."

Nililisema nimekaa. Sikuinuka wala sikuinamisha kichwa. Miaka kumi na miwili, na hilo ndilo neno la kwanza kumpinga. Mama mkwe alifumba macho kidogo kama mtu aliyerushiwa maji, na mimi nikangoja dari ianguke.

Déborah akarudisha kisigino ndani.

"Haikuharibika," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea, anaokota neno hapa na neno pale, akikosa anaweka la Kiingereza na kuendelea. "Ya kwanza niliweka muhogo peke yake. Nikakuuliza, kwa kumi, ngapi? Ukasema nne. Ya pili nikaweka muhogo na mahindi, half half. Ukasema sita. Halafu nikakuuliza mama yako alikuwa naweka nini. Ukasema mtama. So mimi na Papa tukaenda kwa duka ya Wahindi karibu na station, wako na unga ya mtama. Ya tatu nikaweka mtama vikombe viwili, muhogo kikombe moja."

Narelle alinigusa mkono, nikakumbuka kazi yangu, nikaanza kumnong'onezea huku mtoto anaendelea.

"Ukakula. Ukasema, hii ni ya mama. Halafu ukanyamaza. Nikakuuliza, kwa kumi, ngapi? Hukujibu. Nikaangalia saa. Dakika nne. Sikujua naweka namba gani, so nikaandika tu." Akaachia pindo la gauni. "Nikaandika, Koko amenyamaza."

Nilipofika hapo katika tafsiri nikajifanya nakohoa. Narelle hakuandika. Alikuwa ameshika kalamu hewani akimtazama yule mama mzee kwenye kiti cha mbao.

Mama mkwe alikuwa ananyoosha kitenge juu ya paja, ambacho kilikuwa kimenyooka tayari.

"Dakika nne tu?" akauliza hatimaye.

"Ndiyo, Koko."

"Mimi niliona ni kitambo."

"Nilipima, Koko. Ni nne na sekunde kumi."

"Uliandika na hiyo?"

"Ndiyo. Lakini karatasi uliituma ku Bankstown."

Narelle alipotafsiriwa hilo alicheka kwa sauti, na mama mkwe, nashangaa kusema, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Baada ya hapo Déborah alikuja kuketi mkekani mbele ya mgeni na hakuondoka. Alimweleza, kwa Kiingereza sasa, kwa nini ukungu ulipenda mkate uliopanguswa kwenye sinki, na alipoona Narelle hajaelewa vizuri ya kijito, aliomba kalamu yake, akamchorea mstari wote kwa kichwa kwenye kijitabu cha serikali, mwezi kwa mwezi. Sambusa zilipoa, hakuna aliyezijali. Mimi nilikaa nikishikilia Fanta ya mgeni kwa zaidi ya nusu saa bila kujua.

Alipoondoka, Narelle aliniambia mlangoni kwamba anataka picha za karatasi zile zikirudi, hasa ya unga, na kwamba atapendekeza tupewe miaka miwili. Akasema miaka miwili mara ya pili, kwa sababu nilikuwa nimebaki tu kumtumbulia macho. Kisha akamshika mama mkwe mikono yote miwili, kama alivyopokewa, akasema asante kwa Kiswahili alichofundishwa na Déborah dakika hiyohiyo.

Nikafunga mlango. Sasa nilikuwa peke yangu na mama mkwe wangu na neno langu. Nilisimama pale koridoni, penye ukuta mtupu, nikisubiri nilipe.

"Papa Déborah."

"Ndiyo, Mama."

"Ku masomo, ile miaka miwili. Alikuwa hasemi kabisa?"

"Hata neno moja, Mama."

Alifikiri. "Mimi nilifikiri ni adabu," akasema. "Niliomba baisome ku kanisa."

"Na sisi tulifikiri hivyo, Mama. Tulipeleka keki."

Nikaingia sebuleni, nikaketi mwisho wa kochi kubwa. Hakusema pole, wala hakunilaumu. Alivua kile kitambaa cha kufuma kilichokuwa begani mwa kochi, akakikunja, akakiweka kando, halafu akaketi pale pale kwenye kochi, mimi nikiwa upande wa pili wa kochi hilohilo. Sikujua kama niinuke. Sikuinuka.

"Déborah!" akaita. "Kuja hapa. Kuja na kiti."

Mtoto akaja anaburuta kiti.

"Ile bugali ya pili, ya mahindi. Juu ya nini uliandika sita? Mimi nilisema saba."

"Ulisema sita, Koko."

"Nilisema saba."

"Sita. Ulisema iko na mabonge."

"Mabonge hapana! Nani alisema mabonge?"

Nikaenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi, kwa sababu machozi yalikuwa yanatoka na kwetu mkwe haonyeshwi machozi. Saa nane kasorobo nilipotoka kwenda kazini walikuwa bado wanabishana, na sauti ya juu zaidi ilikuwa ya mtoto.